Spika nane kila sikio, na kanuni ya Maalim iliyopotea

Kwenye boksi walichora iafoni, ile spika ndogo ya kuchomeka sikioni, iliyopasuliwa tumbo. Chini kabisa spika ya duara kama sarafu, juu yake vijisanduku saba vya rangi ya fedha, vimepangana kama boflo kwenye trei ya mwokaji. Kijana wa dukani, Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, akanihesabia kwa ncha ya kalamu. "Moja, mbili, tatu... nane, dada. Nane kila sikio, jumla kumi na sita. Hiyo uliyovaa ina ngapi?"

Moja, nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akanisogezea boksi. Nilikuwa nimeweka hela miezi mitatu. Nikatoa shilingi 310,000, nikapanda boti ya saa kumi kurudi Unguja.

Kazi yangu ni sauti. Narekodi na kuchanganya nyimbo za taarab, na siku za shughuli nakaa nyuma ya miksa. Masikio ndiyo jembe langu. Naandika haya kwa sababu tangu mwezi uliopita watu watatu wameniuliza swali lile lile, mmoja wao mwanafunzi wa kupiga udi ambaye hela yake ni ya kuhesabu: ninunue ya spika ngapi? Kila mmoja nimemjibu nusunusu barabarani. Hili hapa jibu zima.

Kwenye boti nilikaa juu, nje, nikazivaa. Nisidanganye, nilifurahi. Besi ilinishuka kifuani. Visahani vya rika, ile tari ndogo ya taarab, nilivisikia kimoja kimoja, vinang'aa. Nyimbo ninazozijua tangu utotoni nikaona zina vitu ambavyo sijawahi kuvisikia. Nilipofika bandarini nilikuwa nimeshaamua kwamba zile za zamani, 7Hz Salnotes Zero zangu za shilingi elfu sitini na kitu, nitampa mdogo wangu.

Sasa najua kilichonifurahisha. Masafa ya chini kabisa (sauti nene) na ya juu kabisa (sauti nyembamba) yalikuwa yamepandishwa, na ya katikati yameshushwa. Ni kama mchuzi uliotiwa ukwaju mwingi: tonge la kwanza unasema umepata mpishi, tonge la kumi unatafuta maji. Masikio nayo yana tonge la kwanza, na duka linauza tonge la kwanza. Hakuna anayekuachia iafoni siku nne ukae nazo kabla hujalipa.

Wiki hiyo nilikuwa na wimbo wa kumaliza: kanuni (ala ya nyuzi), udi, fidla mbili, akodioni, dabobesi, dumbaki, rika, na mwimbaji wetu. Nikauchanganya wote kwa zile spika nane. Sauti ya mwimbaji niliisikia imekaa nyuma ya pazia, nikaipandisha desibeli 4 (kipimo cha ukubwa wa sauti) karibu na hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Besi niliona imezidi, nikaipunguza. Rika ilikuwa inachoma, nikaikata juu. Kanuni nayo, kuna mahali karibu na hezi 1,000 ilikuwa inapiga kelele kama sufuria, nikaichimbia shimo jembamba la desibeli 6. Kila nilichofanya nilikifanya kwa uangalifu, na kila kitu masikioni mwangu kilikuwa kinazidi kuwa kizuri.

Kuna jambo lilinitia aibu zaidi ya hayo. Nilimpigia simu mwimbaji arudi arudie mstari mmoja. Nilimwambia, dada, pale umetamka "nimechota" na shairi linasema "nimechoka". Alikuja na mvua ya masika, kanga ya juu imelowa, akaurudia mara tatu bila kulalamika. Siku kadhaa baadaye nilisikiliza ile rekodi ya kwanza kwa Zero. K yake ilikuwa pale pale, safi, haina shaka yoyote. Tofauti ya k na t inakaa kwenye kishindo kifupi mno cha sauti, sehemu kubwa yake katika masafa yale yale ambayo iafoni zangu mpya zilikuwa zimeyazamisha. Nanyi mnajua taarab ilivyo. Mtu huinuka kwenye kiti kwenda kumtunza mwimbaji kwa sababu ya neno moja lililompata. Ukimpotezea mwimbaji neno, umempotezea kazi yote.

Maalim wangu wa kanuni anakaa Kikwajuni. Sebuleni ana sabufa la miaka mingi, lile la boksi moja kubwa na vispika viwili vidogo vilivyotundikwa juu ya kabati la vyombo. Nilimpelekea wimbo kwenye flashi. Akasikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kisha akazima kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu, kanuni yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo, Maalim. Nimeipunguza makali kidogo tu."

"Pale ninaposhuka kutoka juu. Hebu rudisha."

Nikarudisha. Akanionyesha kwa kidole, hewani, uzi kwa uzi. Anaanza juu, anashuka, na hatua mbili tatu zinakuwa kama zimepigwa na mtu aliye chumba cha pili, kisha anarudi. Mwimbaji naye kwenye sabufa lile alikuwa anapayuka. Besi haikuwapo kabisa. Nilikuwa nimerekebisha makosa ya iafoni zangu na kuyageuza kuwa makosa ya wimbo.

Kwa asiyeijua kanuni kwa karibu: ya Maalim ina nyuzi 78, zimefungwa tatu tatu kwa kila noti, yaani noti 26. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada, na chini ya pete huchomeka kijiti cha kupigia. Upande wa kulia, chini ya farasi, yaani kibao kinachobeba nyuzi, pamewambwa ngozi. Nyuzi zote 78, za besi na za juu, zinapita juu ya farasi huyo mmoja, naye anasimama juu ya ngozi. Ndiyo maana Maalim akiburura kijiti kutoka juu mpaka chini unasikia kitu kimoja kinatembea. Hakuna mahali pa kuungia.

Usiku huo sikulala. Nilifungua Audacity kwenye kompyuta, nikatengeneza mluzi unaoanzia hezi 20 na kupanda polepole mpaka 20,000 kwa muda wa dakika moja. Jaribio hili yeyote anaweza kulifanya, halina gharama, ila punguzeni sauti kwanza, maana huko juu mluzi unauma. Kwa Zero mluzi ulipanda kama mtu anayepanda ngazi asiyekuwa na haraka. Karibu na 3,000 ulivimba kidogo, halafu ukapungua. Kuvimba huko ni sawa, kunatakiwa. Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na mrija wa urefu huo huitikia wenyewe karibu na hezi 3,000, kama chupa unapoipulizia mdomoni. Sisi tumezaliwa na mvumo huo. Iafoni ikishauziba mrija kwa mpira, mvumo ule wa asili unaharibika, kwa hiyo fundi lazima aurudishe kwenye sauti yenyewe. Asipourudisha, sauti ya mtu inakwenda nyuma ya pazia.

Kwa zile nane, mluzi ulipanda vizuri mpaka karibu na 1,000, ukatuna ghafla. Hapo ndipo nilipokuwa nimeichimbia kanuni shimo. Baada ya hapo ukazama, ukaendelea kuzama mpaka umepita 2,000, na kwenye 3,000, pale unapotakiwa kuvimba, ulikuwa ndiyo kwanza unaibuka. Ulipoibuka ulikuwa na rangi nyingine, mwembamba, mkavu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ulipokuwa unazama haukukaa katikati ya kichwa. Ulihama taratibu kwenda sikio la kushoto, ukakaa huko kidogo, kisha ukarudi. Maana yake kushoto na kulia hazikulingana. Spika moja kila upande ni kulinganisha vitu viwili. Nane kila upande ni vitu kumi na sita, na kiwanda cha bei ya chini hakina muda wa kukaa kulinganisha vyote.

Niliweka tena ule mburuzo wa Maalim, rekodi tupu, haijaguswa. Kwa Zero, mtu mmoja anashuka ngazi. Kwa zile nane, anashuka, anaingia chumbani, anatoka mwingine.

Nieleze sasa vilivyomo ndani, maana bila hayo namba ya spika itaendelea kututisha. Ile spika ya duara ni ndugu wa spika ya sabufa: sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo kinachokwenda mbele na nyuma. Vile vijisanduku ni kitu kingine. Ndani yake kuna ulimi mwembamba wa chuma uliosimama katikati ya sumaku mbili, koili imeuzunguka, na ncha ya ulimi imeshikanishwa na kiwambo kidogo mno. Wenyewe huviita armecha. Vilitengenezwa kwa ajili ya visaidizi vya kusikia vya watu wenye uziwi, na kampuni ya Knowles ya jimbo la Illinois, Marekani, imejulikana kwa kazi hiyo kwa miongo mingi. Kijisanduku kimoja ni kama punje ya kunde, kingine ni kidogo zaidi. Kinatumia umeme kidogo sana na kinakimbia haraka, lakini kwa sababu ya udogo huo, mara nyingi kimoja hakiwezi kubeba masafa yote peke yake kwa uzuri ule ule. Kinachofaa kwa besi kinachoka juu, kinachofaa juu hakina kifua cha besi. Basi wanawekwa wawili, watatu, wanne, wagawane.

Kwa hiyo wingi wa spika mara nyingi ni dawa ya udogo wake. Hili laiti ningelijua pale Aggrey. Isitoshe, nane si masafa nane. Nilipokuja kusoma vizuri karatasi ya ndani ya boksi langu niliona vile vijisanduku saba vimepangwa kwa makundi: viwili vinafanya kazi ile ile ya kati, vinne vinafanya kazi ile ile ya juu, na kimoja kimeelezwa kwa maneno matupu kwamba kinaongeza "hewa". Ukizihesabu spika zote nane kwa kazi, pamoja na ile ya duara ya besi, zilikuwa tatu na pambo.

Pale kazi inapogawanywa ndipo matatizo yanapozaliwa. Kuna krosova, vijisehemu vya umeme vinavyoamua nani aimbe nini, na kuna mirija inayoleta sauti kutoka kila spika mpaka mdomoni mwa iafoni. Katika mpaka wa spika mbili, kwa kitambo fulani cha masafa, zote mbili zinaimba noti ile ile. Zikienda pamoja, inatuna. Moja ikichelewa kwa nusu ya wimbi, zinakulana, inazama. Waliowahi kukaa na wapiga dumbaki wawili wanajua: wakipiga pamoja ni mmoja mkubwa, mmoja akiwa nyuma kidogo hakuna dumbaki hata moja. Na vipimo vya huko ndani havina huruma. Wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu, kwa hiyo milimita chache za mrija tayari ni jambo. Fundi hodari anaweza kuupanga mpaka huo usiusikie. Lakini ni kazi, inalipiwa, na haiandikwi kwenye boksi kwa herufi kubwa. Idadi ndiyo inayoandikwa, kwa kuwa idadi inahesabika kwa ncha ya kalamu.

Watu wananiambia: mbona sabufa la nyumbani lina spika kubwa ya besi na ndogo za juu, na tunasikia tofauti? Ni kweli. Lakini sabufa lina chumba kizima cha kujaza hewa, na mlango uko wazi, na watoto wanapita. Kusukuma besi chumbani kunataka kiwambo kipana kinachotembea sana. Sikioni hewa iliyofungiwa haijai hata nusu ya kijiko cha chai. Kiwambo cha milimita 10 kikitikisika kidogo tu kimeshaibana hewa yote ile, na besi ya hezi 20 inatoka bila shida. Kile kilicholazimisha spika nyingi chumbani, sikioni hakipo.

Ushahidi upo sokoni, na ni wa muda mrefu. Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya Illinois, iliyoanzishwa na Mead Killion, ilitoa ER-4, armecha moja tu kila sikio. Wanamuziki na mafundi wa sauti waliifanya kipimo chao, na warithi wake wa leo bado wana armecha moja. Mwaka 2021 kampuni ya Sennheiser wakatoa IE 900, iafoni yao ya bei kubwa, zaidi ya dola 1,000. Ndani yake kuna spika moja ya milimita 7. Hawa walikuwa na hela ya kuweka kumi, wakaweka moja, kisha akili yote wakaipeleka kwenye vijia vya hewa mbele yake.

Upande wa pili nao una historia yake ya haki. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti za jukwaani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen iafoni za kuzuia kelele za jukwaa. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears, na kugawa kazi kati ya spika mbili ndogo ndani ya sikio kukawa jambo la kawaida kwa wanamuziki. Mpiga ngoma aliyekaa katikati ya kelele anahitaji sauti kubwa isiyopasuka, na armecha moja ukiisukuma sana inapasuka. Ukizigawia kazi, kila moja inapumua. Sababu ilikuwa ya kweli. Biashara ndiyo iliyoichukua sababu ikaiacha, ikabaki na hesabu.

Utafiti ulionituliza moyo ni wa Sean Olive na wenzake wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman. Walichukua iafoni moja, wakaifanya kwa programu iige mpangilio wa masafa wa iafoni nyingine nyingi, kisha wakawapa wasikilizaji watoe alama. Fikirieni hilo. Spika zilikuwa zile zile muda wote, kilichobadilika ni masafa gani yamepanda na gani yameshuka, na hicho kilitosha kumfanya msikilizaji apende au achukie. Kwa mpangilio wa masafa peke yake waliweza kukadiria alama ambazo watu wangetoa. Hakuna aliyehitaji kuhesabu kilichomo ndani.

Jambo jingine lilinipata ukumbini, kwenye harusi moja, na bado linaniuma. Nilichomeka zile nane kwenye jeki ya miksa, na sauti haikuwa ile niliyoizoea kwenye simu. Ilikuwa nzito, imefunikwa. Nilidhani miksa imeharibika. Kumbe jeki za miksa nyingi zina ukinzani wake (kizuizi cha umeme) mkubwa, na iafoni zenye krosova ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika. Wenzangu tunaokaa ghorofa za Michenzani tunalijua hili kwa maji: presha ikiwa ndogo, jirani wa chini akifungua bomba, la juu linadondosha matone. Masafa ambako iafoni ina ukinzani mdogo ndiko sauti inakopungua. Ukinzani wa Zero umeandikwa omu 32 (omu ndiyo kipimo chake), na kwa kuwa ni spika moja ya duara hautembei sana, basi kwenye miksa na kwenye simu inaimba karibu sawa. Mafundi huwa tunasema ukinzani wa jeki usizidi sehemu moja ya nane ya iafoni, kwa omu 32 ni omu 4. Miksa ya ukumbini haina adabu hiyo.

Vimpira je? Hapa ningeomba watu watumie muda mwingi kuliko wanaoutumia kuhesabu spika. Sikio langu la kushoto ni jembamba, la kulia pana. Miaka miwili nilivaa saizi moja pande zote nikidhani kushoto kuna hitilafu. Mpira usipoziba, hewa inavuja, na besi inavuja nayo, hata zingekuwa spika ishirini. Huku kwetu kuna joto, jasho linateleza, mpira unarudi nje taratibu bila wewe kujua. Weka sauti ya besi tupu, hezi 40 hivi, kisha bonyeza iafoni ndani kwa kidole. Ikiongezeka, ulikuwa unavuja. Badilisha saizi, hata kama upande mmoja utakuwa mdogo na mwingine wa kati. Mimi ndivyo ninavyovaa sasa.

Sipendi mtu aondoke hapa akidhani spika moja ni bora kila mara. Rafiki yangu wa studio ana Truthear Hexa, ya mwaka 2022, spika moja ya duara na armecha tatu kila upande. Niliiazima usiku mmoja. Mluzi ulipanda bila kujikwaa, na Maalim alishuka ngazi mpaka chini akiwa yeye yule. Nyuzi za juu za fidla zilikuwa zimetengana na akodioni vizuri kuliko kwenye Zero yangu. Nne hizo zilipangwa na mtu aliyesikiliza. Na kuna iafoni za spika moja ambazo sitamshauri adui, zinavuma kama pipa tupu.

Yule mwanafunzi wa udi nilimwambia hivi: nenda na wimbo wako unaoujua, wenye sauti ya mtu na ala moja inayotoka juu mpaka chini. Usiweke wimbo wa dukani, wimbo wa dukani umechaguliwa. Sikiliza maneno kwanza, besi baadaye. Muulize muuzaji kama ana grafu ya masafa ya hiyo iafoni, na kama hana, itafute mwenyewe mtandaoni, nyingi zimepimwa. Hela ya ziada nunua vimpira vya saizi tofauti. Alinunua ya spika moja, akabakiza nauli ya mwezi.

Zile nane sikuzitupa. Mpiga dumbaki wetu anazivaa jukwaani. Zinaziba kelele vizuri, kishindo cha mkono wake anakisikia mpaka tumboni, na yeye anachohitaji ni mapigo na besi. Kwake zinafaa, na nafurahi zimepata mtu.

Wimbo niliuchanganya upya kwa Zero, usiku wa pili, kwa sauti ya chini. Nilirudisha mstari wa kwanza wa mwimbaji, ule wa kabla ya mvua, nikampigia simu kumwomba radhi. Nikafukia shimo la kanuni. Kisha nikaenda Kikwajuni, safari hii bila flashi. Nilimvisha Maalim iafoni mwenyewe, nikambadilishia vimpira mara mbili mpaka zikaziba, maana masikio ya wazee yanataka subira, nikabonyeza.

Alifumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, hauna pete, hauna kijiti. Mburuzo ulipofika nikaona kidole cha shahada kinatembea juu ya msuli wake wa kitenge, kutoka gotini kuja kiunoni, polepole, hakikuruka mahali. Nikataka kumwuliza kama besi nimeizidisha. Akaniinulia kiganja cha kushoto ninyamaze, kwani wimbo ulikuwa haujaisha.